Mashine ya nati tusiipige marufuku, ila isiwe na kauli ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Iringa, ambaye barua yake mliichapa hivi karibuni akitaka Serikali ipige marufuku mashine za umeme za kufungia nati za magurudumu kwenye gereji za barabarani. Anasema tangu vijana waanze kuzitumia, magurudumu yanachomoka hovyo, na kwamba zamani fundi alipofunga kwa mkono na wili spana mambo hayo hayakuwapo. Uchungu wake nauelewa. Nusu ya kwanza ya hoja yake ina ukweli ndani yake. Nusu ya pili siikubali hata kidogo, na marufuku anayoiomba haitamwokoa mtu.

Mimi nina gereji ya tairi Makambako, pembeni ya barabara kuu iendayo Tunduma. Tuliianza na marehemu mume wangu tukiwa na jeki, pampu ya mguu na wili spana iliyokuwa imepinda tangu tunainunua. Leo naiendesha na vijana wangu, na wateja wananiita Mama Tairi, jina ambalo sikulichagua lakini nimelizoea. Makambako ni njia panda. Malori ya Zambia na Kongo yanapita, mabasi ya Songea yanapita, Fuso za mbao na viazi zinashuka kutoka Njombe, Noah na Probox za abiria zinazunguka kutwa. Karibu kila aina ya nati inayotembea nchi hii imepita mikononi mwetu, zilizofungwa vizuri na zilizofungwa kwa hasira.

Nianze na hilo la zamani. Kaka yangu wa Iringa anakumbuka fundi akifunga kwa mkono. Mimi nakumbuka fundi akipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili na kuirukia, na utingo akichomeka kipande cha bomba la maji ili spana irefuke. Hebu tupige hesabu. Wili spana ya gari dogo ina urefu wa sentimita 40 hivi. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha yake, bila hata kuruka, anaipa nati zaidi ya nyutoni mita (Nm) 270, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Toyota nyingi ndogo tunazoendesha, Corolla, RAV4, Noah na nduguze, kiwandani wameandika 103. Kwa hiyo yule fundi wa zamani alikuwa anazidisha mara mbili na nusu, na akiruka ni zaidi ya hapo. Upande wa lori mambo yanageuka. Nati za Scania na malori mengi makubwa ya siku hizi zinataka kati ya 600 na 700. Mtu wa kilo 60 akining'inia kwenye ncha ya spana ya mita nzima anafikisha takribani 590, yaani bado hajatosha. Mkono ule ule uliokata stadi za Corolla, zile bolti zenye nyuzi ambamo nati inafungwa, ndio ulioacha nati za lori zikiwa hazijashiba. Mkono haujui namba.

Na mashine nayo haijui namba. Hapo ndipo ninapokubaliana naye.

Watu wengi wanadhani nati inashika gurudumu kwa kuwa imekaza, basi. Kinachofanyika ni kwamba ukizungusha nati unaivuta stadi. Stadi ni chuma, lakini inarefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, kisha inataka kurudi ilivyokuwa. Ni kama mpira wa manati, ukiuvuta nao unakuvuta. Mvuto huo ndio unaobana rimu kwenye habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu linafungwa, na mbano huo ndio unaobeba gari. Rimu iliyobanwa sawasawa haichezi, na mzigo unapita kati ya uso wa rimu na uso wa habu, stadi yenyewe haisumbuki. Mbano ukipungua, rimu inaanza kutembea kidogo kila mzunguko, stadi zinapindwa huku na huku maelfu kwa maelfu ya mara, mwisho zinakatika moja baada ya nyingine. Ukizidisha, stadi inavutwa kupita kikomo chake na haiwezi kurudi. Inabaki imerefuka, nyuzi zake zimetanuka, na siku ya kufunga tena haina mvuto ule. Nyingine inakatika pale pale mikononi mwa fundi, na huyo mwenye gari amshukuru Mungu, kwa sababu nyingine husubiri mpaka mteremko wa Kitonga.

Sasa mashine. Ndani yake kuna nyundo. Mota inaizungusha, nyundo inaigonga fuawe iliyoshika soketi, inateleza, inazunguka, inagonga tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwa kuwa inagonga badala ya kusukuma, mkono wa fundi hauhisi kitu. Ndiyo raha yake. Mimi nina mabega mabovu kwa ajili ya miaka ya wili spana, na sioni aibu kusema mashine ya betri imenirudishia kazi. Umeme ukikatika inaendelea, haihitaji kompresa wala jenereta, naibeba hadi kwa lori lililokwama porini. Nati iliyoshikwa na kutu ambayo vijana wawili wangeitolea jasho, yenyewe inaifungua kwa sekunde chache. Anayetaka kunipokonya kifaa hicho aje na mabega mapya.

Lakini raha hiyo hiyo ndiyo hatari yake wakati wa kufunga. Nguvu inayofika kwenye nati inategemea kidole kimekaa sekunde ngapi kwenye kitufe. Inategemea betri imejaa au inaelekea kuisha. Ile ya waya inategemea umeme wa siku hiyo na urefu wa waya wa kuunganishia. Ukiweka soketi ndefu au kipande cha kurefusha, nguvu inapungua njiani. Nyuzi zenye kutu zinameza nguvu, nyuzi zilizopakwa oili zinaipitisha. Kwenye gurudumu moja la Noah lenye nati tano, kijana yule yule na mashine ile ile anaweza kuacha nati tano zenye mbano wa aina tano. Tumejaribu hapa kwetu. Kijana alifunga kwa mashine jinsi alivyozoea, kisha tukazipima zote na spana ya toki, ile unayoiwekea namba ya nguvu nayo inalia ikifika. Nyingine zilikuwa zimepitiliza mbali kabisa, moja ilikuwa bado inazunguka kabla ya kufika 103. Kwa macho zilikuwa sawa zote.

Halafu kuna hili la namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ukienda Kariakoo kununua mashine, muuzaji anakuonyesha 1000 Nm kwa fahari, kana kwamba anauza trekta. Namba ile ni nguvu ya juu kabisa ambayo mashine inaweza kutoa. Haimaanishi kwamba nati yako inaitaka. Mashine ya 1000 kwenye nati ya 103 ina uwezo wa kuzidisha karibu mara kumi, na stadi ya Noah ina unene wa milimita 12 tu. Ninyi wateja nanyi mna sehemu yenu. Mnapenda ile sauti. Kijana akipiga kidogo na kuachia, mtu anashuka garini na kusema, "Piga tena kidogo, mimi nakwenda mbali." Akisikia mlio mrefu anaridhika, anatoa hela, anaondoka akijua amefungiwa vizuri. Amenunua sauti.

Gereji kwangu utaratibu ni huu, na vijana wanajua asiyeufuata anarudi nyumbani mapema. Kwanza uso wa habu na mgongo wa rimu vinapigwa brashi ya waya mpaka kutu na matope yatoke. Nati zinaanzwa kwa vidole, mizunguko kadhaa, kwa sababu nati iliyoanzwa na mashine ikikaa upande itakula nyuzi na wewe hutajua, mashine haijali. Kisha mashine inashusha nati kwa hatua yake ya chini kabisa, kwa kurukaruka, kutoka nati moja kwenda ya ng'ambo yake, kamwe si kwa kufuata mduara. Ukifuata mduara rimu inalala upande, na nati ya mwisho inakuta kazi imekwisha haribika. Rimu ikishakaa, mashine inawekwa chini. Jeki inashushwa mpaka tairi liguse ardhi lisiweze kuzunguka, na hapo inaingia spana ya toki, kwa mpangilio ule ule wa ng'ambo kwa ng'ambo. Ikilia "ka" unaacha. Vijana wana tabia ya kuisukuma mara ya pili na ya tatu, eti kuhakikisha. Kila "ka" ya ziada ni nguvu ya ziada. Na spana hiyo haitumiki kufungulia nati, wala haitupwi kwenye ndoo ya zana. Ikimaliza kazi springi yake inarudishwa kwenye namba ya chini, inalazwa kwenye boksi lake. Nimeona watu wakiitumia kama nyundo, nikajisikia vibaya kwa niaba yake.

Soketi pia. Zile za kung'aa ni za mkono. Za mashine ni nyeusi na nene. Ya kung'aa ikigongwa na mashine inaweza kupasuka na kipande kikaingia jichoni. Basi.

Kuna mambo matatu manne yanayoharibu kazi hata kwa fundi mwenye spana nzuri, nayo kwetu yamejaa.

La kwanza ni oili. Dereva aliyeteseka kufungua nati njiani ananunua oili au grisi, anazipaka stadi zote, anajisifu. Hajui kwamba sehemu kubwa ya nguvu unayoitia kwenye nati, kama tisa ya kumi, inaliwa na msuguano, kwenye nyuzi na chini ya nati. Kinachobaki kuivuta stadi ni kama moja ya kumi tu. Ukipunguza msuguano kwa oili, namba ile ile ya spana inaivuta stadi zaidi sana. Kwa Toyota ndogo funga kavu, safi. Kwa malori yenye nati za kisasa, zile zenye wosha yake inayozunguka peke yake, watengenezaji wengi wanaagiza tone la oili kati ya nati na wosha. Kwa hiyo usisikilize mimi wala dereva, fuata kitabu cha gari hilo.

La pili ni rangi. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu linafanywa na watu wanaopenda magari yao. Mtu anataka gari lipendeze kabla ya ukaguzi au harusi, anapuliza rimu rangi nzito, tabaka juu ya tabaka, mpaka mahali nati inapokaa na mgongoni panapogusana na habu. Anafungiwa nati vizuri, spana inalia, anaondoka. Rangi ile ni laini. Inasagika na joto la breki, inatoka kama unga, na pale ilipokuwa panabaki nafasi. Nafasi nyembamba kama karatasi inatosha kuua mbano wote, kwa kuwa stadi yenyewe ilikuwa imerefuka kidogo mno. Nati haijazunguka, lakini tayari imelegea. Ukitaka kupaka rangi, paka uso wa nje, na mahali pa kugusana acha chuma.

La tatu ni nati zisizo za rimu ile. Rimu nyingi za aluminiamu zinazokuja na Toyota kutoka Japani, hasa za miaka ile ya nyuma, zinataka nati yenye shingo ndefu na wosha bapa. Rimu za chuma zinataka nati yenye ncha ya koni. Mtu anauza rimu, anabaki na nati. Mwingine ananunua rimu, anaweka nati alizokuwa nazo. Koni inakaa kwenye tundu bapa, inagusa ukingo tu. Mashine inalia, spana inalia, kila mtu anaona imefungwa. Mwezi haupiti.

Na Fuso za zamani, hizo ni shule nzima. Nyuma zina tairi pacha, na kila stadi ina nati mbili, ya ndani ina kichwa cha mraba cha milimita 21, ya nje ni kubwa ya 41. Rimu ya ndani inabanwa na nati ya ndani, rimu ya nje na nati ya nje. Kwa hiyo ukitaka kukaza ya ndani lazima kwanza uilegeze ya nje, uikaze ya ndani, kisha urudishe ya nje. Fundi mwenye mashine na haraka anakaza ya nje tu, na lori linaondoka rimu ya ndani ikicheza gizani huko ambako hakuna anayechungulia. Tena upande wa kushoto stadi zake zina nyuzi za kinyume. Kichwani pameandikwa L, na kulia R. Kijana asiyesoma herufi hiyo anashikilia kitufe akidhani anafungua kumbe anakaza, mpaka stadi inasema. Malori mapya ya Kijapani yameacha mfumo huo, nati ni moja na zote zinafungwa kulia pande zote mbili, na kwetu mitindo yote miwili inaingia gereji siku moja.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Bongo tu. Japani kwenyewe, walikotengeneza Fuso na Isuzu hizo, wizara yao ya uchukuzi inahesabu kila mwaka magurudumu yaliyochomoka kwenye malori na mabasi, na mengi ni ya nyuma kushoto, na mengi yanachomoka majira ya baridi, muda mfupi baada ya watu kubadilisha tairi za kawaida na kuweka za theluji. Yaani nati zimetoka kuguswa na fundi. Wao nao wanaendesha kushoto kama sisi. Uingereza utaona malori na mabasi yenye vishale vya plastiki vya njano juu ya nati, vimepangwa vikitazamana. Nati ikizunguka hata kidogo, kishale kinapotoka kwenye mstari, dereva anakiona akiwa amesimama na chai yake. Kwetu nimeviona kwa magari machache yanayotoka ng'ambo. Asiyekuwa navyo achore mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Kopo moja la rangi linatosha malori mengi.

Baada ya kufungwa, gurudumu linapaswa kupimwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, likiwa limepoa. Uchafu umekaa, rangi imesagika, rimu imejilaza. Kwa anayetoka kwetu, hiyo ni Njombe kama unakwenda Songea, Mafinga kama unakwenda Iringa, Igawa au Chimala kama unakwenda Mbeya. Nimewaambia madereva haya mpaka sauti imekauka. Jibu ni moja: "Mama, tajiri anapiga simu." Tajiri nami namfahamu. Ni yule yule atakayekuja kulalamika kwamba nati zilifungwa vibaya.

Miezi michache iliyopita lilivutwa hapa pikapu lililofungwa kwingine, sitapataja, gurudumu la nyuma kushoto likiwa limebaki na stadi mbili kati ya sita. Niliwaita vijana wote waache kazi waje kutazama. Matundu ya rimu yalikuwa yamegeuka yai. Ndani ya kila tundu kulikuwa na alama za nyuzi za stadi, zimechapwa kama muhuri. Stadi zilizokatika zilikuwa na sehemu mbili usoni: upande mmoja mweusi na laini, uliokatika polepole kwa siku nyingi, na upande mwingine mweupe wenye chembechembe, uliokatika siku hiyo. Kuizunguka kila nati iliyobaki, rimu ilikuwa na michirizi ya kutu nyekundu kuelekea nje. Michirizi hiyo haitokei kwa usiku mmoja. Dereva aliiona kila asubuhi na akaiosha pamoja na matope. Ninyi abiria na makondakta, mkisimama kituoni mkaona michirizi ya kutu ikitoka kwenye nati, au chuma kinang'aa mahali nati inapokaa, mwambieni dereva. Na dereva akisikia mlio wa "tiki tiki" unaofuata mwendo wa gurudumu, asiongeze sauti ya redio.

Nikimrudia kaka yangu wa Iringa: tukipiga marufuku mashine, vijana watarudi kwenye bomba la maji na kuruka. Ninachotaka mimi ni kwamba gereji yoyote inayofungua gurudumu la gari la abiria au la mizigo iwe na spana ya toki inayofika namba za magari inayoyahudumia, na fundi ajue kuitumia. Si kitu cha kifalme. Ya gari dogo haifiki bei ya tairi moja jipya la Noah. Ya lori ni ghali zaidi na ni ndefu kama fimbo ya Mmasai, lakini bado ni chini ya tairi jipya la Scania. Askari wa usalama barabarani wanakagua kizimamoto na pembetatu za kuakisi mwanga. Kwa nini wakaguzi wasipite gereji za barabara kuu wakauliza swali moja tu, spana ya toki iko wapi? Vyuo vya VETA vinafundisha haya, najua kwa sababu kijana wangu mmoja alitoka huko akiyajua kuliko mimi. Lakini wengi wanaofunga nati barabarani hawajapita VETA. Wamejifunza kwa kaka zao, kando ya barabara, kama nilivyojifunza mimi. Kozi fupi ya siku mbili, ifanyike Makambako, Igawa, Tunduma, pale pale penye kazi, wangekuja. Ningefunga gereji siku hizo niwapeleke wangu wote.

Tena mashine hiyo isitumike kila mahali. Nimeona vijana wakifungia nayo nati ya kumwagia oili ya injini, ambayo kwenye gari dogo namba yake haifiki hata 50, na karta yenyewe, lile bakuli la oili chini ya injini, nyingine ni ya aluminiamu. Nyuzi zinatoka na nati kama ganda la muwa, na mwenye gari anaambiwa ilikuwa imeharibika tangu zamani.

Wenye magari wananiuliza namba ya gari langu nitaijua wapi. Gari nyingi za Japani zinakuja na kitabu chake kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, na watu wanakitupa kwa sababu kimeandikwa Kijapani. Usikitupe. Tarakimu ni zile zile. Tafuta kurasa zenye picha ya jeki na tairi, kisha tafuta tarakimu yenye N·m mbele yake, ndiyo hiyo. Iandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa dereva, umwonyeshe fundi kabla hajashika mashine.

La mwisho ni kwa wanaoingiza mashine hizi nchini. Ndani ya boksi kuna kijitabu kwa Kiingereza au Kichina, na vingi vinasema wazi kwamba ukimaliza kufunga kwa mashine, upime kwa spana ya toki. Mtengenezaji mwenyewe ameandika. Mnunuzi wa Makambako hawezi kukisoma, muuzaji naye hakisomi. Naomba TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wadai kila boksi liwe na karatasi moja ya Kiswahili yenye maneno hayo, na mchoro wa mpangilio wa nati tano, sita, nane na kumi. Wakikosa mtu wa kuwaandikia, mimi nipo, na sitawatoza.

Mama Tairi,
Makambako, Njombe